KUNUKA NA KUNUKIA: MANUKATO YA MWANAMUME NI YA NANI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baad.



Leo ni Ijumaa. Kabla hujatoka nyumbani umeoga, umevaa kanzu au shati safi, na kama kichupa cha mafuta mazuri kipo, umejipaka kidogo. Basi jiulize: manukato hayo umejipaka kwa ajili ya nani? Swali laonekana dogo. Lakini ukilifuata hadi mwisho utaona linagusa ibada yako, mfuko wako, nyumba yako, na ndugu anayesimama bega kwa bega nawe katika safu.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Kitu kibaya twasema kinanuka, kizuri twasema kinanukia. Shina ni moja. Tofauti ni ile herufi iliyoongezwa, ile ile tunayoisikia katika kupika na kupikia, kununua na kununulia. Mtu hupika, lakini humpikia mgeni. Hununua, lakini humnunulia mtoto. Ni kama wazee walituambia: anayenuka ananuka tu, bali anayenukia ananukia kwa ajili ya mtu. Maneno ya wazee si dalili ya sheria. Tutazame basi dini inasemaje.

KWA NINI TULIAMRISHWA

Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuoga siku ya Ijumaa kumemlazimu kila aliyebaleghe, na apige mswaki, na ajipake manukato akiyapata. Lishike vizuri neno hilo, "akiyapata". Tutalirudia.

Sababu ya amri hii ameieleza Bibi Aisha (r.a.). Watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani mwao na kutoka vijiji vya juu vya Madina. Wanafika na vumbi mwilini, jasho linawatoka. Mmoja wao alipofika kwa Mtume (s.a.w.) katika hali hiyo, Mtume aliwahimiza wajitakase kwa ajili ya siku yao hii. Ibn Abbas (r.a.) naye ameeleza kwamba watu wale walikuwa wafanya kazi, wakibeba mizigo kwa migongo yao na kuvaa sufi. Msikiti ulikuwa mdogo na paa lake lilikuwa chini. Siku moja ya joto, harufu za watu zikaanza kuwaudhi wao kwa wao.

Ndugu yangu, tazama sababu hiyo ilivyo. Amri haikushuka kwa sababu watu wale walikuwa wabaya. Walikuwa masahaba, na jasho lao lilikuwa la riziki ya halali. Iliamrishwa ili mtu asimuudhi mwenzake. Kwa sababu hiyo hiyo aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi alikatazwa kuukaribia msikiti, kwa kuwa malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Kitunguu ni halali. Lililokatazwa ni kumkera jirani katika ibada.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: manukato ya Ijumaa ni haki ya jirani yako kabla ya kuwa pambo lako.

PUA YA MWENYEWE

Kuna jambo Mwenyezi Mungu ameliweka katika maumbile yetu, nalo latia nguvu jibu hilo. Pua ya mwanadamu huzoea. Ukijipaka mafuta ya udi asubuhi, baada ya muda mfupi wewe mwenyewe huyasikii tena, na kila anayekukaribia anayasikia. Aliyejipaka ndiye wa kwanza kunyimwa. Basi kama ungejipaka kwa ajili ya nafsi yako tu, ungekuwa umepata hasara, maana faida yote inakwenda kwa wengine. Manukato ni sadaka iliyo kama lazima, upende usipende.

Lakini fikiri upande wa pili. Pua ile ile isiyosikia harufu yako nzuri haisikii pia harufu yako mbaya. Mvuta sigara hajui nguo zake zinavyonuka. Mtu wa soksi za siku 3 hajui kwa nini jirani amegeuza uso wakati wa kusujudu. Wazee walisema nyani haoni kundule. Kwa hiyo tunahitaji ndugu wa kutuambia, na tunahitaji kifua cha kupokea tukiambiwa. Anayekuita pembeni baada ya sala, akakuambia kwa sauti ya chini, "Baba, shati hili lahitaji sabuni," huyo amekupenda. Anayekusema barazani amekula nyama yako.

Na kuna la tatu. Kwa kuwa hajisikii, mtu huzidisha. Wapo wanaojimwagia hadi safu nzima inakohoa, na mwenye pumu anatafuta mlango. Huyo alitaka kutoa sadaka akatoa adha. Kidogo kinatosha. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa manukato ya mwanamume ni yale ambayo harufu yake yadhihirika na rangi yake imefichika. Kudhihirika si kupiga kelele. Adhana husikika, lakini muadhini hasimami sikioni mwa mtu.

HARUFU TATU TUSIZOZICHANGANYA

Sasa turudi kwenye lile neno, "akiyapata".

Hapa Banalia twajuana. Yuko anayevua katika Aruwimi na kukausha samaki kwa moshi. Yuko anayechoma makala, yuko anayekamua mawese, yuko anayetoka machimbo ya dhahabu na almasi. Yuko anayesukuma baiskeli yenye mizigo katika barabara ya Kisangani, zaidi ya kilomita 120 za matope wakati wa mvua. Kwa watu hao, moshi na mafuta huingia katika ngozi na nguo, na sabuni ya siku moja haiviondoi. Kichupa cha manukato kutoka Dubai ambacho mfanyabiashara amekipitisha Kampala hadi Kisangani, kikifika kwetu bei yake ni chakula cha watoto.

Mtu huyu ameoga kwa maji ya mto, amefua nguo yake ya pekee, naye bado ana harufu ya moshi. Je, ana dosari? Hapana. Sharti limemwambia "akiyapata", naye hakuyapata. Aliyemuondolea lawama ni Mtume wa Allah. Ni nani basi mwenye haki ya kumrudishia?

Tutofautishe harufu tatu. Ya kwanza ni harufu ya kazi: moshi, samaki, mawese, udongo wa machimbo. Mwenye nayo ajisafishe kadiri awezavyo, na ikibaki imebaki. Ya pili ni harufu ya uzembe: maji yapo, sabuni ipo, lakini mtu amelala hadi adhana ya pili. Huyu ashauriwe. Ya tatu ni harufu ya maasi: lotoko ya usiku iliyofunikwa kwa marashi ya asubuhi. Huyu marashi hayamfai kitu mpaka atubu.

Msiba wetu ni kwamba mara nyingi tunaikunjia uso ile ya kwanza na kuipigia salamu ile ya tatu, kwa sababu ya tatu imejipaka vizuri.

Tazama safu zetu, ndugu yangu. Mwenye moshi nguoni akisimama, wa kulia kwake anasogea kidogo na wa kushoto anasogea kidogo, na nafasi inabaki. Hakuna aliyesema neno, lakini yule amesikia yote. Ijumaa ijayo atasimama mlangoni. Ijumaa ya tatu hatakuja, na tutasema imani yake imepungua. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuzibe nafasi katika safu wala tusimwachie shetani pengo. Pengo lililofunguliwa na pua ni pengo vile vile. Na aliyemtoa ndugu yake msikitini kwa kuona kinyaa, manukato yake yamekuwa hoja dhidi yake.

Mkumbuke Zahir (r.a.), mtu wa jangwani ambaye sura yake haikuwa nzuri. Mtume (s.a.w.) alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma. Zahir alipomtambua, akakaza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume hakungoja Zahir amalize kazi, aoge, ajipake. Alimkumbatia akiwa kazini. Na huyo ndiye Mtume ambaye Anas (r.a.) amesema hakupata kunusa miski wala ambari nzuri kuliko harufu yake.

Na kumbuka kinywa cha mfungaji. Sisi twajua harufu yake alasiri ya Ramadhani, lakini tumefundishwa kuwa mbele ya Allah ni nzuri kuliko miski. Pua zetu si mizani ya mwisho. Kuna harufu sisi twaikimbia na mbinguni inapokelewa.

JE, SI MOYO TU UNAOTAZAMWA?

Hapo mtu atasema: "Kama ni hivyo, tuache manukato. Allah hutazama nyoyo. Haya ya marashi ni ya wapenda dunia." Hoja hii ina uso wa ucha Mungu, lakini haisimami. Mtume (s.a.w.) alikuwa mtu wa moyo safi kuliko wote, naye alisema kwamba katika dunia yetu alipendezeshewa wanawake na manukato, na kitulizo cha jicho lake kikawekwa katika sala. Alikuwa hakatai manukato akipewa. Na alitufundisha kuwa atakayepewa mrihani asiurudishe, kwa sababu ni mwepesi kuubeba na harufu yake ni nzuri. Moyo safi haumzuii mtu kumpa jirani hewa safi. Aliyeacha kuoga kwa jina la zuhudi hakuiacha dunia. Amewaachia wenzake mzigo wake.

Mwingine atasema kinyume: "Mwanamume ni mavazi na marashi. Mtu akipita, wajue nani amepita." Hii ndiyo imani ya vijana wengi wa nchi yetu. Huko Kinshasa na Brazzaville wapo watu wa Sape wanaojulikana duniani kwa nguo za thamani, na vijana wetu hupenda kuwaiga. Usafi na unadhifu si haramu. Lakini pima. Ukinunua kichupa kwa deni na mtoto hana daftari, umenunua sifa kwa mali isiyo yako. Ukimnyima mama wa nyumbani pesa ya sabuni, nawe wanukia barabarani, harufu hiyo ni ushahidi. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul Aziz (r.a.) aliletewa miski ya hazina ya Waislamu akaziba pua, akasema faida ya miski ni nini ila harufu yake. Aliogopa kunufaika hata kwa pumzi na kitu kisicho haki yake. Sisi twaogopa nini?

Kati ya hao wawili, njia yetu iko wazi. Manukato si dhambi, wala si cheo. Ni hisani ndogo kwa mwenye uwezo.

NYUMBANI KWANZA

Ikiwa manukato ni ya mwingine, nani ana haki zaidi kuliko mkeo? Wengi wetu hujipaka tukitoka na kurudi na jasho. Wageni hupata udi, mama watoto hupata soksi. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipoingia nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kupiga mswaki. Na Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisema kwamba hupenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe ajipambe kwa ajili yake, akiitegemea aya ya Suratul Baqara inayowapa wake haki mfano wa zile zilizo juu yao. Basi weka kichupa mahali utakapokiona ukirudi, si ukitoka tu.

Kuhusu manukato yaliyotiwa alkoholi, wanazuoni wametofautiana: wapo walioyazuia, wapo walioyaruhusu kwa kuwa hayanywewi. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu atumie mafuta yasiyo na alkoholi, na asigombane na ndugu yake aliyefuata kauli nyingine. Na miski ya vichupa tunayonunua leo kwa kawaida ni ya viwandani. Mkemia wa Kijerumani Albert Baur alipata miski ya kutengenezwa mwaka 1888, na tangu hapo viwanda vimeendelea. Hilo si haramu. Lakini muuzaji asikuapie kwamba ni ya mnyama wa milimani. Biashara ya kiapo cha uongo inanuka, hata ikiwa bidhaa inanukia.

HARUFU INAYOBAKI

Mwaka huo huo wa 1888 mji wetu uliingia katika vitabu vya historia. Kundi la nyuma la msafara wa Stanley lilikuwa limekaa muda mrefu Yambuya, huko chini kwenye mto huu huu, na wapagazi wengi kutoka Zanzibar walikufa huko kwa njaa na maradhi. Mkuu wa kundi, Meja Barttelot, alijulikana kwa ukali wa viboko. Tarehe 19 Julai 1888, hapa Banalia, alitoka alfajiri kunyamazisha ngoma na nyimbo za mwanamke mmoja, na mume wa mwanamke huyo, jina lake Sanga, akampiga risasi akafa. Alikuwa na cheo, na sare, na sanduku zake. Kilichobaki baada yake ni habari ya mwenendo wake.

Tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Wakati huo liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani, alikuwa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, tangu 1887. Pamoja na watu wa namna yake zilikuja kwetu lugha hii na adhana. Zilikuja pia bunduki, minyororo na misafara ya pembe za ndovu. Ndiyo maana hadi leo kumbukumbu yao ina harufu mbili katika nchi hii, na jirani asiye Muislamu akituona huenda ikamjia ile mbaya kwanza. Haitaondoka kwa marashi. Itaondoka kwa mizani ya haki dukani, kwa amana iliyorudishwa, kwa mgonjwa aliyetembelewa bila kuulizwa dini yake. Mtume (s.a.w.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski: atakupa, au utanunua kwake, au walau utapata harufu nzuri. Naye rafiki mbaya alimfananisha na mvukuta wa mhunzi: atakuunguza nguo, au utapata harufu mbaya. Majirani zetu wa Banalia wanapata nini wakitukaribia? Hilo pua zetu wenyewe haziwezi kutuambia. Tuwaulize wao.

MANUKATO YA MWISHO

Ndugu yangu, kuna nyakati mbili ambazo jambo la manukato hutoka mikononi mwako. Katika ihramu unaacha manukato yote, tajiri na maskini, ili asijulikane nani ni nani. Na ukifa, wengine ndio watakaokupaka. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha waliomuosha binti yake watie kafuri katika maji ya mwisho. Wewe hutainusa. Utapakwa kwa mikono ya ndugu, kwa kadiri watakavyopata.

Maradhi ya meninjiti yalipotangazwa katika eneo letu mwezi wa Septemba 2021, zaidi ya watu 200 walifariki, na wengi walitangulia kabla hatujayajua maradhi yenyewe. Kifo hakikuuliza nani amevaa nini. Yule uliyemsogelea mbali katika safu huenda ndiye atakayekuosha, na mikono yake ya moshi ndiyo itakayokutia kafuri. Utapenda siku hiyo awe anakukumbuka kwa lipi?

Basi tufanye haya kuanzia leo:

1. Tuoge Ijumaa, tupige mswaki, tufue nguo. Haya ndiyo ya kwanza, manukato yafuate.
2. Mwenye kichupa asijipake peke yake. Amnyooshee mwenzake mlangoni, tone moja mkononi. Na anayepewa asikatae.
3. Anayetoka kazini aje kama alivyo baada ya kujisafisha kadiri ya uwezo wake. Nafasi yake ni popote alipowahi, hata safu ya kwanza.
4. Ukimwona amesimama pembeni, sogea wewe. Ziba pengo.
5. Mwenye duka la sabuni awakumbuke wasio nayo, kwa siri.

Ewe Mola wetu, tusafishe miili yetu na nyoyo zetu. Tujaalie tuwe watu ambao jirani hufurahi wakikaribia na huwakumbuka kwa wema wakiondoka. Warehemu waliotutangulia katika mji huu, waliozikwa kwa kafuri na waliozikwa bila hiyo. Utuonjeshe kinywaji cha Peponi ambacho muhuri wake ni miski. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

TANBIHI: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe wala usifungie bidhaa. Usisome wakati imamu anahutubu. Ukimaliza, mpe mwenzako.